Mwonyesheni Mtoto Mwezi Kwanza

 

Jioni hii maneno yangu yanawaendea hasa wazazi, walezi na walimu wa shule za msingi. Nataka tuzungumzie elimu ya anga: nyota, sayari, Mwezi, roketi na vyombo vinavyorushwa huko juu. Swali langu ni dogo. Mtoto wa miaka saba au minane aanzie wapi? Nauliza kwa sababu mahali tunapomwanzishia sasa, kwa maoni yangu, ndipo tunapomchosha kabla hajafika popote.

Unapafahamu mahali hapo. Mwalimu anachora duara kubwa ubaoni, analiandika Jua, kisha anapanga viduara kulizunguka. Darasa zima linaimba: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, mpaka mwisho. Mtihani ukija, swali ni lilelile: taja sayari kwa mpangilio wake kutoka kwenye Jua. Aliyekariri vizuri anapata alama zote. Jioni mtoto huyohuyo mwenye alama zote anatumwa dukani. Zuhura iko pale magharibi, juu ya paa la jirani, inang'aa kuliko nyota yoyote. Anaipita. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile ya pili katika wimbo wake inaonekana kwa macho, tena bila kutafutwa.

Na orodha yenyewe haikai. Mwaka 2006 wanafalaki wa mataifa walikutana Prague, wakaafikiana kwamba Pluto isihesabiwe tena kuwa sayari kamili. Zikabaki nane. Hadi leo wapo watoto wanaoimba tisa, kwa kuwa kitabu kinachopokezanwa darasani ni cha zamani. Simlaumu mwalimu mwenye darasa lililofurika na chaki mbili mkononi. Ninachosema ni kwamba orodha ikishabadilika, mtoto aliyepewa orodha tu habaki na kitu.

Mimi nasema tuanze na Mwezi. Roketi zisubiri kidogo.

Mwezi hauhitaji umeme wala intaneti. Unaonekana Manzese na unaonekana Masaki, unaonekana Kibera na unaonekana Karen, na taa za mjini haziwezi kuuficha kama zinavyozificha nyota. Zaidi ya hayo, unabadilika kila siku, na kitu kinachobadilika ndicho kinachomshika mtoto.

Mpe daftari na penseli. Kila jioni, saa ileile, mahali palepale, atoke nje auchore Mwezi alivyouona, aandike tarehe, na aonyeshe ulikuwa wapi: juu ya mwembe, karibu na mnara wa simu, popote. Afanye hivyo kwa mwezi mzima. Usimweleze kitu kwanza. Atagundua mwenyewe kwamba Mwezi mchanga huonekana magharibi mara baada ya Jua kutua, kwamba kesho yake uko juu zaidi na umenenepa, na kwamba siku unapokuwa duara kamili huchomoza mashariki wakati Jua linazama upande wa pili. Siku chache baadaye atakujia na malalamiko: Mwezi hauonekani tena jioni. Hapo ndipo somo linapokolea. Mwambie autafute asubuhi akienda shule. Ataukuta saa moja asubuhi, mweupe, upande wa magharibi, Jua likiwa limeshatoka. Wako watu wazima, tena wasomi, ambao hawajawahi kuinua macho wakauona Mwezi wa mchana. Wanaamini ni kiumbe wa usiku kama popo.

Mtoto mkubwa kidogo, mwenye saa, anaweza kupima jinsi Mwezi unavyochelewa. Baada ya Mwezi kuwa duara kamili, aandike unachomoza saa ngapi leo, saa ngapi kesho, saa ngapi keshokutwa. Atakuta unachelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa sababu Mwezi nao unasonga mbele ukiizunguka Dunia. Hiyo ni namba aliyoipata yeye, kwa macho yake na saa ya sebuleni. Haisahau.

Liko jambo jingine ambalo watoto wetu huligundua mapema kuliko watoto wa Ulaya. Vitabu vingi vya picha vinavyotufikia huchora Mwezi mwembamba ukiwa umesimama wima, ncha moja juu, nyingine chini. Sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta mara nyingi tunauona umelala chali, ncha zote mbili zikitazama juu. Mtoto akichora alichokiona, mchoro wake hautafanana na kitabu. Tafadhali, mwalimu, usimwekee kosa. Mchora kitabu alikuwa kwake, naye yuko kwake, na tofauti ya michoro yao ni ushahidi kwamba Dunia ni mviringo. Ni ushahidi mkubwa kupita kwenye daftari la darasa la pili.

Baada ya mwezi mmoja wa kuchora, ndipo umuulize kwa nini Mwezi hupungua. Wengi wetu tukiulizwa ghafla tunajibu kwamba ni kivuli cha Dunia. Sivyo. Kivuli cha Dunia huufikia Mwezi siku ya kupatwa tu. Nyakati nyingine zote, nusu ya Mwezi inamulikwa na Jua, na sisi tunaiona nusu hiyo kwa ubavu: mara yote, mara robo, mara ukingo mwembamba. Maelezo haya kwa mdomo hayamwingii mtoto, hata yakirudiwa mara kumi. Lakini washa taa moja chumbani usiku, zima nyingine zote, chomeka chungwa kwenye kijiti, umpe alishike kwa mkono ulionyooka usawa wa juu kidogo ya kichwa, halafu ajizungushe taratibu akilitazama. Ataona hilali, ataona nusu, ataona duara kamili, zote kwenye chungwa lake. Dakika tano zinatosha, na mwishoni chungwa linaliwa.

Jaribio jingine nalipenda zaidi, kwa sababu linawaumbua wakubwa. Weka mpira wa miguu katikati ya uwanja, useme huu ndio Dunia. Kwa ukubwa huo Mwezi unakuwa mpira wa tenisi. Sasa waambie watoto, na wazazi waliokuja kuwachukua, kila mmoja auweke Mwezi mahali anapodhani unastahili kuwa. Karibu wote watauweka hatua moja au mbili kutoka kwenye mpira mkubwa, maana ndivyo michoro ya vitabuni inavyotudanganya. Mahali pake ni karibu mita 6 na nusu. Umbali halisi ni kilomita 384,400 kwa wastani, yaani Dunia 30 zilizopangwa mstari mmoja. Na Jua je? Kwa kipimo hichohicho lingekuwa na upana wa mita 24, na ungelazimika kutembea zaidi ya kilomita mbili na nusu ulifikie. Mtoto aliyekwishasimama kwenye uwanja huo ndiye unayeweza kumsimulia kwamba kati ya mwaka 1969 na 1972 watu 12 walitembea juu ya Mwezi. Ataelewa walikwenda umbali gani.

Sasa, nikisema haya, kuna msikilizaji anayeguna. Anasema mambo ya anga ni ya wenye fedha. Sisi bado tunahangaika na maji ya bomba. Hoja hiyo naiheshimu, ila naona imesahau ni nani aliyekuwa akiangalia juu muda wote huu. Watoto wa pwani, kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani na kila Ramadhani inapokwisha, hutoka na wazee kutazama kama Mwezi umeandama. Hiyo ni falaki ya vitendo. Mtoto wa mvuvi wa Nungwi au Lamu anajua bamvua na maji mafu. Anajua kwamba Mwezi ukiwa mchanga au ukiwa duara kamili bahari hujaa sana na kutoka sana. Amejifunza nguvu ya uvutano kabla ya kufika shule, kilichobaki ni mtu wa kumweleza kwamba ndiyo hiyo. Makunduchi wanaadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai, kwa kalenda inayofuata Jua, na manahodha wa majahazi walihesabu siku zao kumi kumi tangu Nairuzi ili wajue kaskazi itavuma lini na kusi itaanza lini. Wakulima nao walikitazama Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo kinachoonekana jioni tangu Novemba. Methali tunayo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mpeleke mtoto akakione, akahesabu nyota sita, au saba kama ana macho makali, kisha umuulize bibi yake anakumbuka nini. Mara nyingi bibi anajua kuliko kitabu, ila hakuna aliyemuuliza.

Mtoto asiposikia habari za nyota kutoka kwa bibi wala kwa mwalimu, atazisikia kwenye matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, ya watu wanaosafisha nyota za wenzao kwa malipo. Nimeona niseme hivyo nipite.

Na si kutazama tu: roketi nazo zimewahi kurushwa kutoka kwetu. Twende Malindi. Karibu na mji huo, baharini, katika ghuba ya Ungwana, Waitaliano walijenga jukwaa la kurushia roketi, wakaliita San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha uhuru wake, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Kwa heshima ya siku ile ikapewa jina Uhuru. Ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili, ikaorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na vipimo vyake vikawaelekeza wataalamu kwenye Cygnus X-1, mahali ambapo leo tunajua kuna shimo jeusi. Mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Kwa nini walikuja mpaka Malindi? Kwa sababu ya ikweta. Hapo Dunia huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, kasi kubwa kuliko mahali pengine popote juu ya uso wake, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bure.

Nionavyo mimi, ni aibu mtoto kumaliza shule Malindi, au Mombasa, au Tanga, akaijua Cape Canaveral asiijue San Marco. Na hadithi haikuishia 1970. Mei 2018 setilaiti ndogo iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, iliachiliwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Aprili 2023 Kenya ikarusha nyingine, Taifa-1, ya kupiga picha za ardhi. Rwanda na Uganda nazo zimeshapeleka zao. Mtoto akiuliza zinafanya nini huko, jibu liko shambani: ukame, misitu, mafuriko, mavuno.

Na Kituo hicho cha Anga, msikilizaji, kinaonekana kwa macho. Kiko juu kwa kilomita 400 hivi, kinaizunguka Dunia kila baada ya dakika 90, na ndani yake kuna watu. Kikipita kwetu magharibi au alfajiri, wakati chini kumeshaingia giza na huko juu Jua bado linakipiga, utaona nyota inayotembea kimya, haimetimeti kama ndege, inakatiza anga kwa dakika chache kisha inatoweka. Saa za kupita hutangazwa mtandaoni. Nimeona watoto waliokuwa wakigombana wakinyamaza wote kwa pamoja.

Mbozi nako, kule Songwe, kuna jiwe lililotoka huko tunakokuzungumzia. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa mita tatu hivi, ni chuma kwa takriban asilimia 90, kilichobaki zaidi ni nikeli, na ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Shule iliyo karibu isiyopeleka wanafunzi kukishika inajinyima. Mtoto anagusa kwa kiganja kitu ambacho hakikuzaliwa duniani.

Mtaniuliza darubini. Wanaotaka kununua nawashauri wasikimbilie zile za kuchezea, zenye boksi lililochapwa picha ya Zohali na pete zake. Miguu yake hutikisika, na mtoto akishaambulia giza na ukungu mara mbili haigusi tena. Kwa bei hiyo ni afadhali darubini ya kawaida ya macho mawili, ile ya kutazamia wanyama mbugani. Ukiiegemeza ukutani isitikisike, itakuonyesha mashimo ya Mwezi, na pembeni ya Mshtarii itakuonyesha vitone vinavyobadili mahali kila usiku. Hiyo ndiyo miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Onyo moja tu, nalo halina mjadala: darubini yoyote isielekezwe kwenye Jua. Jicho hupofuka kabla ya mwenye jicho kusikia maumivu.

Wapo pia wanaoizungusha elimu hii. Kenya, Susan Murabana na mumewe, Chu Owen, walianzisha Travelling Telescope, wakawa wanasafiri na darubini kubwa na hema la kuonyeshea nyota kutoka shule hadi shule, hata za mbali kabisa. Shule yenu ikipata nafasi ya kuwaalika watu wa namna hii, alikeni. Ila mgeni huja usiku mmoja akaondoka. Usiku mia tatu na sitini na kitu unaobaki ni wenu.

Na hapo ndipo penye shida yenyewe. Kinachotuzuia wengi si fedha, ni kuogopa kuulizwa. Mtoto anauliza: kwa nini nyota zinametameta na ile haimetimeti? Mzazi hajui, anajibu kwa ukali: kalale. Msikilizaji, mtoto haumii ukimwambia hujui. Mwambie, "Sijui, hebu tuangalie wote." Ukimjibu hivyo umeshamfundisha namna wanasayansi wanavyofanya kazi. Na kwa swali hilo, jibu ni hewa. Nyota iko mbali mno, mwanga wake unatufikia ukiwa mwembamba na hewa inauyumbisha. Sayari iko karibu, ina upana kidogo, kwa hiyo kwa kawaida hutulia. Kwa kipimo hicho tu mtoto anaweza kuzitenga sayari na nyota. Umeme ukikatika mtaa mzima, badala ya kulalamika, mtoeni nje. Ndiyo nafasi pekee mtoto wa mjini anayopata ya kuona Njia Nyeupe.

Kwa walimu wanaotaka somo la mchana, simamisheni kijiti wima uwanjani, mpime kivuli chake. Kwa Dar es Salaam, siku za mwanzo wa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, Jua hupita juu ya utosi kabisa. Machi ni saa sita na nusu mchana na dakika chache, Oktoba ni saa sita na dakika kumi hivi. Kivuli kinapotea. Nairobi ni katikati ya Machi na mwisho wa Septemba. Mtoto wa London hawezi kuliona jambo hilo kwao hata akiishi miaka mia.

Nimalizie kwa tarehe ya kuandika. Jumatatu, 2 Agosti 2027, Jua litapatwa. Kupatwa kamili kutapita Hispania, Afrika ya Kaskazini, Luxor huko Misri, Jeddah na Makka, Yemen na Somalia. Wasikilizaji wetu mlioko maeneo hayo mtashuhudia mchana ukigeuka usiku kwa dakika kadhaa. Huku kwetu Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Tanzania Jua litamegwa tu, na kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo litakavyomegwa zaidi. Wanaokumbuka Rujewa, 1 Septemba 2016, Jua lilipobaki pete, wanajua watu walivyofurika. Jioni ya Jumapili, 7 Septemba 2025, Mwezi nao ulipogeuka mwekundu tangu saa mbili na nusu usiku, waliokosa mawingu walitoka na watoto wao wakauona bila kifaa chochote.

Jua si Mwezi. Vioo vilivyofukizwa moshi, filamu za eksirei, miwani ya kawaida ya jua hata ikiwekwa miwili, beseni la maji: vyote hivyo havilindi macho. Itatakiwa miwani maalumu ya kupatwa kwa Jua, yenye alama ya ISO 12312-2, na inunuliwe mapema, maana wiki ya mwisho huadimika na bandia hujaa. Asiyeipata asimame chini ya mwembe alipe Jua mgongo na kutazama ardhini: kila mwanya kati ya majani utachora Jua lililomegwa, mamia kwa mamia, na hakuna jicho litakalodhurika.

Walimu wakuu, ombi langu kwenu ni hili. Siku hiyo msiwafungie watoto madarasani na kushusha mapazia kwa hofu. Wekeni tarehe kwenye kalenda ya shule sasa, tengeni fedha ya miwani, hata kama ni miwani moja kwa watoto watano, na muwatoe nje. Wazazi, mnao muda wa kutosha kabla ya siku hiyo kuanza na daftari la Mwezi.